Sala Wakati wa Shida

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkusanyiko wetu wa Kibamba. Yanachapwa hapa kwa ombi la wengi waliokuwapo.)



Nilipoandikiwa barua ya kuombwa niseme machache juu ya kumtegemea Mungu kwa sala wakati wa shida, jambo la kwanza nililofanya ni kumpigia simu Katibu na kumwuliza kama hakukosea jina. Mimi si mchungaji, si padri, wala si shehe. Mimi ni mtumishi wa serikali, kazi yangu ni mafaili na hati za malipo. Katibu akanijibu kwamba wahubiri tunao wengi, bali anataka mtu aliyepatwa na shida aseme yaliyompata. Hapo nikakosa udhuru. Basi leo sitahubiri. Nitatoa ushahidi, na ushahidi wenyewe hauko mbali. Uko mwendo wa miguu kutoka hapa, pale barabarani.

Ninyi mliokuja leo kwa barabara ya Morogoro mmeona jinsi ilivyo pana. Kutoka Kimara hadi Kibaha ni kilomita 19.2, na sehemu hiyo imepanuliwa kutoka njia mbili kuwa nane. Wanafunzi mnaiona kama kwamba ilikuwa hivyo tangu zamani. Lakini wazee wa Kimara, Mbezi, Kibamba na Kiluvya wanakumbuka mwaka 2017. Mwaka huo nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kutoka katikati ya barabara kila upande, ziliwekewa alama ya X na kubomolewa. Zilikuwamo nyumba za kuishi, maduka, hata nyumba za ibada. Sheria iliyotajwa ilikuwa ya tangu mwaka 1932, wakati wa mkoloni, na kwa sababu eneo lilihesabiwa kuwa la barabara, fidia haikuwapo. Sikuja hapa kumlaumu mtu. Barabara imejengwa, na mimi mwenyewe napita juu yake kila siku kwenda kazini. Nasema tu yaliyotokea.

Katika nyumba zile ilikuwamo ya baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa karakana ya reli. Alistaafu mwaka 1994, akachukua mafao yake akanunua kiwanja hapa Kibamba, wakati huo kukiwa bado na mikorosho na pori, na watu wa mjini wakimcheka kwamba anakwenda kuishi na fisi. Nyumba ile haikujengwa kwa mwaka mmoja. Ilijengwa tofali kwa tofali, chumba kwa chumba. Mama aliuza maandazi na vitumbua hapo hapo barabarani, na bati la chumba cha mwisho lilipigwa mimi nikiwa chuo kikuu. Ada yangu ya shule ilitoka katika chungu kile kile. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa zaidi ya kuta. Ilikuwa ndiyo pensheni ya wazee wangu, kwa maana vyumba viwili vya mbele vilipangishwa.

Siku alama ya X ilipopigwa ukutani, mama alinipigia simu ofisini. Nilipofika jioni nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe, anaitazama ile alama kama mtu asomaye barua. Akaniambia, "Mwanangu, wamepima vizuri. Mimi nimekuwa fundi, najua kupima." Basi. Hakusema zaidi.

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na desturi yake tangu nikiwa mtoto ilikuwa kuamka saa kumi alfajiri kusali kwa sauti. Ninyi mliolala nyumbani kwetu siku za likizo mnaikumbuka sauti ile, maana mlikuwa mkijifunika shuka masikioni. Usiku ule baada ya notisi kuletwa, aliitandika ile karatasi juu ya mkeka, akapiga magoti mbele yake. Alikuwa akimwiga mfalme Hezekia, ambaye alipoletewa barua ya vitisho kutoka kwa Senakeribu mfalme wa Ashuru, alikwenda nayo hekaluni akaikunjua mbele za Mungu. Habari hiyo imo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, na mwisho wake mnaujua: adui aliondoka na Yerusalemu ikapona.

Basi sisi sote tukaomba. Mama aliomba, wadogo zangu waliomba, jumuiya ya nyumba kwa nyumba ikaja kuomba. Mimi nami niliomba, na nawakirieni kwamba niliomba kwa bidii ambayo sikuwa nayo tangu mtihani wa kidato cha nne. Niliomba mstari wa kupimia usogee. Niliomba amri itenguliwe. Niliomba nyumba ipone.

Ndugu zangu, nyumba haikupona.

Nataka tusimame hapo kidogo, kwa sababu watu wengi wakisimulia habari za sala huchagua zile ambazo mwisho wake ni mzuri. Mgonjwa alipona, mtoto alifaulu, kazi ilipatikana. Na hayo ni kweli, hutokea, nasi tushukuru. Lakini ukimfundisha kijana kwamba sala ni kama kutia barua ya maombi katika sanduku na kungoja jibu la "ndiyo", basi siku jibu litakapokuwa "hapana" kijana huyo atatupa sala pamoja na sanduku lake. Maandiko yenyewe hayafichi jambo hili. Hezekia aliomba akapewa. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomtesa, hakuondolewa. Ayubu aliyapoteza yote kwanza, majibu yakaja baadaye. Bwana Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, na alikinywa. Mungu ni yule yule. Sasa tunasemaje?

Mimi nitasema niliyoyaona, mengine nawaachia wanaojua.

Kabla ya tarehe ya kubomoa, nilikuwa na jambo jingine ambalo mpaka leo hii sijawahi kulisema mbele ya watu. Wakati ule nilikuwa nimechukua masurufu ya ofisi kwa ajili ya safari ya kikazi mikoani, mimi pamoja na wenzangu wanne. Fedha ilikuwa shilingi milioni tatu na laki sita, taslimu, ndani ya bahasha, ndani ya mkoba wangu. Safari ilikuwa Jumatatu. Ijumaa jioni nikaambiwa kuna mtu anauza kiwanja kule Kibwegere, ndani, mbali na barabara, na anataka arubuni kabla ya Jumapili, la sivyo atampa mwingine. Bei yake ilikuwa nzuri. Sikuwa na hata robo ya fedha ile. Lakini mkobani nilikuwa nayo.

Wenzangu watumishi wa umma mliomo humu ndani mnajua hesabu niliyoipiga usiku ule. Nitalipa arubuni. Safari nitaiahirisha kwa wiki mbili, nitasema gari limeharibika. Mshahara ukitoka nitarudisha kiasi, nitakopa kiasi kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, marejesho nitayaandika baadaye. Siibi, naazima. Na tena si kwa ulevi, ni kwa ajili ya baba na mama wanaotupwa nje. Mungu mwenyewe ataelewa. Ndivyo nilivyojiambia, na nikathubutu hata kusema moyoni kwamba pengine fedha ile ndiyo jibu la maombi yetu. Yamkini Mungu ameileta mkobani mwangu kwa makusudi.

Vijana, sikilizeni hapa. Shida ikizidi, mtu hupata njia ya kuita dhambi jina la muujiza.

Nililala kwa wazazi usiku ule, asubuhi niende Kibwegere. Saa kumi alfajiri baba akaamka kama kawaida. Nikamsikia kupitia ukutani. Aliomba kwa ajili ya wapangaji wetu, wapate pa kwenda. Aliomba kwa ajili ya vijana wa tingatinga, wasiumie kazini. Kisha akafika kwangu, akanitaja kwa jina la ubatizo, akasema, "Na huyu anayeshika mali ya watu, asiitazame shida yangu akapotea."

Baba hakujua chochote juu ya bahasha. Nimeulizwa mara nyingi na mke wangu kama nina hakika, nami nina hakika. Baadaye nilipomwuliza mama aliniambia kwamba maneno yale baba aliyasema kila alfajiri tangu siku nilipoajiriwa. Tofauti ni kwamba miaka yote ile mimi nilikuwa nimelala.

Sikulala tena. Kulipokucha sikwenda Kibwegere. Jumatatu tulisafiri, fedha ikatumika kama ilivyoandikwa, na marejesho nikayapeleka na stakabadhi zake zote. Msitazamie niseme kwamba wakaguzi walikuja ghafla wakanikuta safi, nikapandishwa cheo. Hakuna mkaguzi aliyekuja. Kiwanja kile kilinunuliwa na mtu mwingine. Hakuna aliyejua, ila Mungu, na leo ninyi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe ya kuvunja. Tulishauriwa, kama wengi walivyofanya, tubomoe wenyewe mapema ili tuokoe mabati, mbao, milango, madirisha na nondo. Tulikuwa watu watano wa nyumba, na wazee wawili. Nilisimama nje na nyundo nisijue pa kuanzia. Ndipo likaja lori. Ndani yake alikuwamo mtu wa darasa letu, ambaye yuko humu ukumbini na amenikataza nisimtaje, pamoja na vijana wake sita. Huyu bwana ni Mwislamu, na siku za shule ndiye aliyekuwa akitutania sana sisi wa kikundi cha sala, akisema tunapiga kelele kama vyura wa masika. Tangu tumalize shule tulikuwa tumeonana labda mara tatu. Alisikia habari zetu kwa mtu mwingine. Alifika, akamsalimu baba shikamoo, akavua shati, akapanda juu ya paa.

Siku mbili walifanya kazi. Mchana wa siku ya pili, wakati wa adhuhuri, walishuka wakatawadha kwa maji ya pipa letu wakaswali chini ya mwembe, na baba akazuia watu wasipige nyundo mpaka walipomaliza. Wahitimu wengine nao wakaanza kufika, huyu na mfuko wa unga, yule na fedha kidogo. Mabati yakahifadhiwa kwa mwingine kule Hondogo. Wazee wakahamia vyumba viwili vya kupanga. Kufikia Pasaka ya mwaka 2018 baba alikuwa chini ya mabati yake mwenyewe tena, nyumba ya vyumba viwili badala ya sita, kwenye kiwanja kidogo tulichonunua kwa mkopo halali ambao nimemaliza kuulipa juzi juzi tu.

Baba alifariki mwaka 2019, katika nyumba ile ndogo. Kabla hajafa nilimwuliza swali lililokuwa likinisumbua. Nikamwambia, "Baba, ile notisi uliitandika mbele za Mungu kama Hezekia. Mbona hakutusikia?" Akacheka kidogo, akasema, "Kwa nini hakutaka nyumba ile ibaki, sijui. Nitamwuliza nikifika. Lakini usiseme hakunisikia. Mimi nilikuwa nikizungumza naye, wewe ulikuwa nyuma ya ukuta."

Ndugu Mwenyekiti, najua dakika zangu zinakwisha, na pilau halisubiri. Niruhusu niwageukie vijana niseme mambo matatu.

La kwanza, sala haichukui nafasi ya kazi. Katika Biblia mtu ninayempenda kuliko wengine ni Nehemia, kwa sababu naye alikuwa mtumishi wa serikali, mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Aliposikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka alilia, akafunga, akaomba, na kutoka mwezi aliopata habari mpaka mwezi aliosema na mfalme ni karibu miezi minne. Lakini alipopata nafasi hakusema tu kwamba Mungu atafanya. Aliomba barua rasmi kwa maliwali ili apite salama, na barua nyingine kwa mtunza msitu ili apewe mbao. Alipofika alizunguka usiku kukagua kuta. Adui walipotishia, watu wake waliomba na pia waliweka walinzi. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Ndugu zetu Waislamu nao wana fundisho hilo hilo katika hadithi ya mtu aliyemwuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Mnakumbuka mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia. Shule zilifungwa Machi, na katikati ya Aprili taifa likaombwa kusali siku tatu. Tulisali. Na milangoni mwa makanisa na misikiti zilisimama ndoo za maji zenye koki na sabuni. Mtu mwenye akili hakuona ugomvi kati ya ndoo na sala. Basi na wewe unayengoja mtihani, omba, lakini jua kwamba sala haitakukumbusha somo ambalo hukulisoma. Hakuna la kukumbushwa.

La pili, msingoje shida ndipo mjifunze kusali. Baba hakuanza kusali siku ya alama ya X. Alikuwa ameanza miaka arobaini kabla, siku ambazo hakuna lililokuwa limeharibika. Sala ya siku ya shida ni kama maji ya kisima. Huwezi kuanza kuchimba wakati nyumba inaungua. Nawaomba mpate dakika kumi kila siku, alfajiri au usiku, kila mtu kwa dini yake, kabla dunia haijawaita.

La tatu, mnaposali msijiombee peke yenu. Mimi nilinusurika kwa sala ambayo sikuiomba mimi. Niliyoyaomba mimi, juu ya mstari wa kupimia na amri, hayakutokea hata moja. Aliyoyaomba baba kwa ajili yangu, nikiwa nimelala, ndiyo yaliyoshika mkono wangu. Huenda hapa pana kijana ambaye mzazi wake, au bibi yake kijijini, anamtaja kila alfajiri naye hajui. Ukirudi nyumbani, siku moja amka mapema usikilize.

Nami wanafunzi wa zamani wenzangu nina neno moja kwenu. Tumezoea kusema Mungu hamtupi mja wake. Ni kweli, lakini mwaka ule niliona jinsi asivyomtupa: alimtuma mtu mwenye lori. Yule bwana hakusema kwamba atatuombea akaondoka zake. Kama tunaijua nyumba ya mwenzetu iliyobomoka, iwe kwa barabara, kwa ugonjwa, kwa kuachishwa kazi au kwa kilio, tusimwachie Mungu peke yake kazi ambayo ametupa mikono ya kuifanya. Napendekeza, Ndugu Mwenyekiti, kwamba daftari letu la anwani, ambalo sasa tunalitumia kukusanyia michango ya harusi tu, litumike pia kujua nani yuko katika dhiki.

Kila nikipita barabarani asubuhi, karibu na pale palipokuwa na mwembe wetu, sasa ni lami, gari linapita kwa muda wa kama kuhesabu tatu. Kwa muda huo namtaja mwanangu wa kwanza, ambaye mwaka huu ameanza kazi, na namwomba Mungu maneno yale yale ya baba. Yeye hajui. Yuko kitandani amelala.